Figo ya Wifi

Siku ya kwanza kuiona damu yake ikizunguka nje ya mwili, yule mama hakuogopa. Alipigwa na bumbuwazi. Damu ilitoka mkononi kwa mrija mmoja, ikapanda kwenye mashine iliyokuwa ikinguruma kando ya kitanda, ikapita kwenye chujio refu kama chupa, kisha ikamrudia kwa mrija wa pili. Alikuwa mtu wa kazi za mikono, na vyombo vya kila aina alivijua. Lakini chombo cha kumtoa mtu damu, kuifua na kumrudishia huku mwenyewe amekaa anatazama kalenda ukutani, hicho alikuwa hajawahi hata kukiota.

Mtaani wote walimwita Fundi. Alishona makochi. Alilivua kochi kuukuu likabaki mbao tupu, akakaza mikanda, akafunga springi, akajaza sponji mpya na kulivika kitambaa, na mwenye kochi akija kulichukua alilizunguka kwanza kuhakikisha kwamba ni lake kweli. Mumewe alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilipakana na karakana ya mkewe, hivyo mteja wa nywele alingojea zamu yake juu ya kochi la mtu mwingine. Walikuwa na binti mmoja, kidato cha pili. Na chumba cha uani alikaa wifi.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa kinyozi, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke wa mabega mapana aliyezoea kukoroga sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Ndoa yake ilivunjika, na mtoto hakujaliwa, akaja kwa mdogo wake kupumzika wiki moja. Wiki hiyo sasa ilikuwa na miaka kumi na moja. Majirani walimpa jina la Redio, kwa sababu hakuna habari iliyopita mtaani bila kupitia kwake, na hakuna aliyejua kitufe cha kumzimia kiko wapi.

Yeye na Fundi walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Waligombana juu ya mahali pa kuweka sufuria, juu ya kamba ya kuanikia, juu ya nani aliacha mlango wazi. Wangeweza kumaliza siku nzima wakisemeshana kupitia kwa mtoto: mwambie mama yako, mwambie shangazi yako. Kinyozi alikuwa amejifunza kupita katikati yao kama mtu anayevuka barabara kubwa, anatazama huku, anatazama kule, kisha anakimbia.

Ugonjwa ulianza kwa miguu kuvimba. Fundi alidhani ni kusimama sana. Kisha chakula kikaanza kumpa ladha ya chuma mdomoni, akailaumu gundi ya sponji. Siku alipoanguka juu ya kochi alilokuwa akilipigilia misumari, ndipo daktari wa figo alipomwambia kwamba figo zake zote mbili zilikuwa zimesinyaa zamani, kimyakimya, bila kumpa taarifa. Kwa sasa mashine ingemfanyia kazi, mara tatu kwa wiki. Lakini mashine, daktari alisema, ni ya kumvusha tu. Kama angepatikana mtu wa kumpa figo moja, angeweza kupandikizwa na kuishi kama watu.

Kumpa. Fundi alilirudia neno hilo njia nzima kurudi nyumbani. Aliwahi kupewa nguo, kupewa chakula, kupewa pole. Hakujua mtu humwombaje mwenzake kitu kilichoko ndani ya mwili wake.

*

Kazi ilianza kumponyoka taratibu. Mkono wake wa kushoto, ambao madaktari walikuwa wameunganisha mishipa yake kwa ajili ya sindano, haukuruhusiwa kubeba kitu. Mshipa huo ulivuma chini ya ngozi mchana kutwa, na binti yake alipenda kuweka sikio pale na kusikiliza, halafu kumtazama mama yake kama anayemwona upya.

Mteja mmoja, mwenye seti ya makochi ya sebuleni, alifika akakuta kazi imefika nusu. Hakugomba. Hilo ndilo lililouma. Alisema kwa upole sana kwamba amesikia habari, kwamba asingependa kumpa mgonjwa mzigo, na kwamba kuna fundi mwingine kule chini. Akaita vijana wake, wakalibeba kochi lake likiwa uchi, springi zimechomoza, wakalipitisha mtaani mbele ya macho ya watu. Kinyozi alisimama mlangoni kwake na mashine ya kunyolea ikilia hewani, mteja wake kanyolewa upande mmoja.

Lakini kuliko hayo yote ilikuwa kiu. Mtu ambaye hakojoi hana ruhusa ya kunywa. Fundi aliruhusiwa kikombe kwa siku, na ndani ya hicho kikombe ihesabiwe chai, uhesabiwe mchuzi, lihesabiwe na funda la kumezea dawa. Akili yake ilijaa maji. Alisikia bomba la jirani likifunguliwa akajua limefunguliwa kiasi gani. Alimtazama mtu akisukutua na kutema, akaona dhambi.

Alasiri moja aliingia jikoni akakuta sufuria ya maharage imeepuliwa. Akainua kifuniko. Upande wa chini wa kifuniko mvuke ulikuwa umegeuka matone, mengi, yamejipanga yakimetameta. Hakufikiri. Alikiinamisha mdomoni akakilamba, kikamuunguza ncha ya ulimi, akakilamba tena.

Alipogeuka, wifi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo.

Walitazamana. Wifi akakitazama kifuniko, akamtazama yeye, akalitua beseni polepole, akaondoka bila neno.

Fundi alikaa siku kadhaa akingojea habari hiyo imrudie kutoka mtaani. Alishatayarisha na majibu. Habari haikuja. Wala dukani, wala bombani, wala kwenye kibanda cha kunyolea ambako mambo yote huishia. Ukimya huo ulimtisha kuliko umbea.

*

Wa kwanza kupimwa alikuwa mumewe. Damu yake ilikataa siku ileile. Kinyozi alitoka maabara amenywea, akasema hakujua kama mtu anaweza kulala na mwenzake miaka yote hiyo halafu damu zao zikawa hazijuani. Binti alijitolea kwa machozi, daktari akamwambia kwamba sheria haimruhusu mtoto, na kwamba hata ingemruhusu yeye asingekubali.

Akabaki mdogo wake Fundi, kijana wa mama mmoja. Katika kikao cha ukoo alisimama mbele ya wazee akapiga kifua, akasema dada yake hawezi kufa yeye akiwa hai. Watu wakamsifu. Baadaye simu yake ikawa inaita tu. Alikwenda hospitali mwishowe, wakakaa naye faraghani muda mrefu, kisha daktari akatoka akasema kwa kifupi kwamba hafai kutoa. Hakueleza kwa nini. Mdogo mtu alilia pale koridoni, na Fundi, aliyemlea tangu akitambaa, alikijua kilio hicho: kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alimkumbatia, akamwambia asijali, wala hakumuuliza kitu.

Baada ya hapo alianza kupanga mambo yake. Alimfundisha binti kutia uzi kwenye sindano iliyopinda. Alimwambia mumewe ni nani aombwe kuchukua vifaa vya karakana. Kinyozi alisikiliza kichwa chini, akaenda kumnyoa mtu ambaye hakuwa amekuja kunyolewa.

Basi siku daktari alipompigia simu kusema amepatikana mtu, kwamba damu zimechanganywa na zimekubaliana, Fundi alifikiri wamekosea namba. Aliuliza ni nani. Daktari akasema mwenyewe ameomba aseme kwa kinywa chake. Fundi alikata simu na kugeuka. Wifi alikuwa uani anasugua sufuria kwa mchanga, amempa mgongo.

"Ni mimi," alisema bila kugeuka. "Usianze maneno."

Fundi aliyaanza. Alisema haiwezekani, alisema hataki deni la namna hiyo, aliuliza atamlipa nini hadi kufa. Wifi alisugua sufuria hadi alipomaliza, akaisuuza, akaifudikiza, akaingia chumbani kwake. Kinyozi aliposikia alikaa chini pale pale alipokuwa, juu ya nywele za wateja.

*

Hospitali haikuchukua kiungo cha mtu kienyeji. Kabla ya yote walitaka kujua kama kuna aliyelazimishwa, aliyetishwa au aliyenunuliwa. Kila mmoja aliulizwa peke yake, kisha wakaitwa pamoja kwenye chumba chenye meza ndefu. Alikuwapo daktari wa figo, daktari wa upasuaji, na mama mmoja wa ustawi wa jamii mwenye sauti ya taratibu. Mama huyo ndiye aliyeuliza kama wawili hao wanaelewana nyumbani.

Fundi alifungua mdomo aseme ndiyo. Wifi akamuwahi.

"Hatuelewani. Mkitaka muulizeni mume wake. Mimi simpendezi na yeye hanipendezi, na hatujawahi kufichana."

Madaktari walitazamana. Mama wa ustawi aliweka kalamu chini. "Sasa, mama, kwa nini unataka kumpa figo yako?"

Kwa mara ya kwanza tangu Fundi amjue, wifi alitafuta maneno. Alikitazama kiganja chake, kimepasukapasuka kwa moto na majivu.

"Nilimkuta analamba kifuniko cha sufuria," alisema. "Ule mvuke. Huyu ni mtu wa heshima zake, watu wanatoka mbali kumtafuta. Mimi kazini namwaga maji kwa mapipa. Nikarudi chumbani, chakula cha siku ile hakikupita. Nikajiuliza, mimi nimeumbiwa mbili za nini?"

Kisha akaongeza kwamba mdogo wake hakujua lolote, maana angejua angelia, na akilia hunyoa watu vibaya.

Daktari wa upasuaji alimuuliza kama anaelewa kwamba figo inaweza kukataa kufanya kazi ikifika kwa mwenzake, na ikatupwa.

"Mimi ni mpishi," wifi alisema. "Nikishapakua, sifuati sahani."

Ndipo ilipomjia Fundi kwamba tangu alasiri ile ya kifuniko hakuwahi kumwona wifi akinywa maji mbele yake. Hata mara moja. Nyumba moja, jiko moja, na joto la miezi ile. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka yote akidhani amemmaliza kumsoma, kumbe hata ukurasa wa kwanza alikuwa hajaufunua.

*

Gharama zilizobaki nje ya bima walizibeba kwa kuuza kiwanja walichokuwa wakikitunza wajenge tangu waoane. Hilo halikuzungumzwa sana.

Asubuhi ya upasuaji vitanda viwili vyenye magurudumu vilisimamishwa sambamba koridoni. Kinyozi alisimama katikati asijue ashike mkono wa nani, mwishowe akashika yote miwili. Wifi, aliyekuwa hajawahi kulala hospitali maishani mwake, alikuwa amekauka midomo kwa hofu. Alimwambia mdogo wake asogee, anazuia njia. Kisha akasukumwa ndani yeye kwanza.

Daktari alikuja kumweleza Fundi baadaye, alipozinduka. Figo ilitoka ubavuni mwa mwenzake ikiwa nzima, nzuri. Ikaoshwa, ikapauka kama majivu. Wakaiweka mahali pake papya, chini ya tumbo upande wa kulia, wakaiunganisha, wakaachia damu. Papo hapo ikabadilika rangi mbele ya macho yao, ikawa ya waridi kama shavu la mtoto aliyetoka usingizini. Mara nyingi, aliendelea, mkojo hutoka hapohapo mezani. Huu haukutoka. Wasubiri.

Walisubiri. Mfuko uliotundikwa kando ya kitanda ulikuwa mkavu siku ile na kesho yake na siku iliyofuata. Picha zilionyesha damu inaingia na kutoka bila tatizo. Daktari alisema figo imelala tu, wakati mwingine safari huichosha, na akamrudisha Fundi kwenye mashine. Lakini Fundi aliona namna manesi walivyoutazama mfuko kwa pembe ya jicho na kuzungumzia mambo mengine.

Na aliyesema hafuati sahani alikuja kila asubuhi. Alitoka wadi ya pili amejikunja, mkono mmoja umeshika ubavu, mwingine unapapasa ukuta. Alisimama mlangoni, akautazama mfuko.

"Bado?"

"Bado, wifi."

Akageuka, akarudi polepole vilevile. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alikataa. Alimwambia mdogo wake amtafutie mahali pa kulala karibu na hospitali, na mtu wa kumtoa pale hakuwepo.

Fundi alikuwa mgonjwa wa aibu kuliko wa jeraha. Ilikuwa kama mtu amekuazima chombo chake cha thamani, kimoja kati ya viwili alivyonavyo duniani, nawe umekivunja ukiwa bado mlangoni kwake. Asubuhi moja alishindwa kuvumilia. Alimwambia wifi asamehe. Alisema figo imekufa, na yeye ndiye aliyeiua, mwili wake haukuwa na bahati.

Wifi alijishusha kwenye kiti kwa uchungu, akakunja uso kwa muda, kisha akasema, kwa sauti ya chini isiyo ya Redio hata kidogo:

"Umeiua vipi? Miaka yangu yote hiyo imekaa mahali pamoja. Leo mmeichomoa kwake, mmeipitisha hewani, mmeiweka kwa mtu isiyemjua. Unataka iamke inaimba? Mimi nilipohamia kwenu, siku tatu sikutoka chumbani."

Fundi alikumbuka. Alikumbuka mlango uliofungwa, na yeye akimwambia mumewe kwamba dada yake ana majivuno.

"Ulikuwa unaniwekea chai mlangoni," wifi alisema. "Unaiweka chini unaenda zako. Hukuniuliza kitu, hukunigongea. Siku ya nne nikatoka. Basi na hii iache. Iwekee chai uende zako."

Walikaa wote wawili wakitazama dirishani hadi wifi alipopata nguvu ya kuinuka.

*

Nesi wa asubuhi ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa anatandika shuka, akasimama ghafla, akainama, akaunyanyua mrija akauweka kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na tone. Lilikuwa dogo, la rangi ya chai nyepesi, limesita kama mgeni anayeogopa kubisha hodi. Kisha likateremka. Nyuma yake likaja jingine.

Nesi hakupiga kelele. Alimshika Fundi begani, akamwonyesha kwa kidole.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinuka kukaa. Mmoja, mzee aliyekuwa bado anangojea mtu wa kumpa, alivua kofia. Matone yakaungana yakawa uzi, uzi ukawa kijito, na chini ya mfuko ikaanza kusikika sauti ambayo Fundi alikuwa ameisahau, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Kabla ya adhuhuri mfuko ulishajaa, ukamwagwa, ukafungwa mwingine. Daktari wa figo, mtu asiyecheka ovyo, alikuja akaketi pembeni mwa kitanda na kutazama tu. Alisema ameyaona haya mara nyingi, na bado kila mara hayamwingii akilini: kipande cha nyama kinakatwa kwa mwenyewe, kinapewa mtu baki, kinalala, halafu asubuhi moja kinaamka na kuikumbuka kazi yake.

Mkono ulikuwa umemziba Fundi mdomo wenyewe. Alikuwa anajiuliza ni nani anayekojoa.

Wifi alipofika mlangoni hakuuliza. Aliuona mfuko. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutikisika, na nesi akakimbia kumdaka kwa sababu kucheka na kulia, vyote viwili, vilikuwa vinamuumiza mshono.

*

Wiki kadhaa baadaye walikuwa nyumbani. Fundi alikaa karakanani kwenye kigoda, barakoa usoni, hana ruhusa ya kubeba kitu. Alikuwa anakata kitambaa cha kochi la mwalimu mmoja aliyekataa kwenda kwa fundi mwingine. Dawa angezimeza maisha yake yote, saa zilezile, na kila homa ndogo ingewatia wasiwasi. Hayo daktari hakuwaficha. Jikoni asubuhi hiyo walikuwa wamegombana, sauti zikafika hadi kwenye kibanda cha kinyozi, na kinyozi, wembe mkononi, alikuwa ametabasamu peke yake kama mwehu.

Wifi alikuja akasimama mlangoni pa karakana. Alikuwa amenawa mikono, bado inachuruzika.

"Iko wapi hasa?" aliuliza, akitazama pembeni. "Mgongoni?"

Fundi akasema hapana, wameiweka mbele, huku chini, karibu sana na ngozi hata ukigusa unaipata.

"Kumbe."

Alisimama pale. Katika miaka yote hiyo wawili hao walikuwa hawajawahi kugusana ila kupeana mkono wa sikukuu. Fundi aliweka mkasi chini. Akakishika kile kiganja kilichopasukapasuka, akakivuta, akakilaza juu ya tumbo lake upande wa kulia, akakikandamiza kidogo.

Wifi alifumba macho. Uso wake, ambao mtaa mzima uliujua ukiwa na neno la kusema, ulituama kabisa. Chini ya kiganja kulikuwa na kitu kigumu kidogo, mfano wa ngumi, na ndani yake mdundo.

"Inafanya kazi," alinong'ona.

"Usiku na mchana," alisema Fundi.

Kiganja hakikuondoka. Kinyozi alichungulia kutaka kuuliza habari ya chakula cha mchana, akawaona, akarudi kinyumenyume bila kukanyaga kitu, akamwambia mteja wake asubiri kidogo.